Mkekani Hakuna Manung'uniko

Mtaani Biryogo ukimuuliza mtu habari yake, atakujibu alhamdulillah. Kodi ya nyumba imepanda, alhamdulillah. Goti limevimba, alhamdulillah. Mvua imepita dirishani ikalowesha unga, alhamdulillah, unga wenyewe ulikuwa kidogo. Ndivyo walivyolelewa, na si vibaya. Lakini katika vichochoro vyote vya mtaa ule hakuna aliyelitamka neno hilo kwa raha kama Usumani, fundi cherehani, ambaye alilivuta taratibu kama mtu anayeonja mchuzi uliokolea, kisha akakutazama kuona kama umemsikia.

Alikuwa na sababu. Yeye na mkewe Mukarugwiza walikaa miaka tisa bila mtoto, miaka ambayo mashangazi walikuja kunywa chai na kuuliza swali lilelile kwa maneno mapya. Mwaka wa kumi akazaliwa Umulisa. Jioni ile ya kwanza Usumani aliketi mkekani baada ya sala ya magharibi, akasema kwa sauti, "Mola wangu, leo amefungua macho, nakushukuru." Kesho yake akashukuru kwamba mtoto amepiga chafya. Siku ya tatu mtoto alikuwa amemshika kidole. Tangu hapo, kwa miaka kumi na miwili, hakuikosa jioni hata moja, na mtoto alipojua kusema naye akapewa zamu yake, na mama zamu yake, kabla mkono haujagusa sahani.

Na tuseme haki, shukrani ile iliwabeba. Mwaka ule wa korona, maduka yalipofungwa na cherehani ikakaa kimya chini ya shuka, waliishi kwa viazi vitamu na uji wa mtama, na kila jioni Usumani alipata la kusema. Umulisa ameng'oka jino. Umulisa amesoma kibao cha duka la dawa mpaka mwisho bila kusaidiwa. Mukarugwiza, aliyekuwa analia jikoni mchana, jioni alijikuta anacheka. Majirani wakambandika Usumani jina la Mzee Shukrani, naye akajifanya halipendi. Msikitini walipotafuta mtu wa kuzungumza na wazazi vijana juu ya malezi walimwita yeye, na alizungumza mpaka watu wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho.

Sharti lilikuwa moja tu. Marehemu baba yake, mjukuu wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja kutoka pwani, alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamikia chumvi, akalalamikia mvua, akalalamikia namna mkewe anavyokohoa, na watoto walimeza matonge wakiwa wameinamisha shingo. Usumani aliapa kwamba kwake haitakuwa hivyo. Mkekani hakuna manung'uniko, alisema, manung'uniko yavuliwe mlangoni pamoja na viatu. Neno zuri kabisa. Ila viatu watu huvirudia asubuhi wakavivaa, na yale mengine hakuna aliyetoka kwenda kuyaangalia.

Basi jioni moja, mwanzoni mwa muhula, Umulisa aliketi akashika shingo yake. "Baba, koo iko inaniuma. Nikimeza mate..."

"Tunaanza na nini, mwanangu?" Usumani alimuuliza kwa upole, kwa maana hakuwa mkali, na hilo ni vizuri lieleweke mapema.

"Na shukrani."

"Haya."

Mtoto alifikiri kidogo. "Leo mwalimu alinipa kitabu niwasomee wenzangu mbele."

"Alhamdulillah," alisema Usumani, na moyo wake ulijaa kweli. Chakula kikaliwa, jirani akaja na suruali ya kukunjwa pindo, habari ya koo ikapotea. Baada ya siku nne likapoa lenyewe. Wiki tatu mbele magoti yakaanza kumuuma, leo la kulia, kesho la kushoto, na Mukarugwiza alipolitaja jambo hilo mumewe akasema mtoto anakua, mifupa inatafuta nafasi. Umulisa mwenyewe hakulitaja. Alikuwa amekwisha kujua nyumba yao inapenda kusikia nini, na watoto, wakitupenda, hutupa tunachopenda.

Mwezi ule mdogo wake Usumani alikuwa anaolewa Busanza, na fundi akajitwika kushona nguo za wasichana wote wa upande wa bibi harusi. Wa kwanza kumpima alikuwa binti yake. Kiuno inchi ishirini na tatu. Wiki nne baadaye, siku ya kujaribisha, zipu ikagoma katikati. Usumani akachukua futi akapima tena, akarudia kwa mara ya tatu asiamini macho yake: inchi ishirini na sita.

Kwa fundi yeyote hiyo ni kazi ya kufumua. Kwa Usumani ilikuwa neema. Umulisa alikuwa mwembamba tangu utotoni, na walikuwapo watu wa kusema kwamba Mzee Shukrani anamlisha mwanawe maneno. Sasa futi limesema, na futi halina upendeleo. Jioni ile alikaa mkekani akiwa amelivaa shingoni. "Mola wangu," akasema, "mwanangu ameongezeka inchi tatu nzima, nakushukuru."

"Baba Umulisa," Mukarugwiza alisema, "lakini sahani yake anairudisha nusu. Na jioni viatu vya shule havimwingii."

"Mtoto ananenepa, wewe unataka kumlilia? Tusimkufuru Mungu."

Mukarugwiza akarudi kupakua. Umulisa, aliyekuwa anahema kidogo kwa kutoka tu uani, akatabasamu ili baba yake asiharibikiwe furaha. Usumani akaifumua mishono ya pembeni ya nguo usiku uleule, akatoa kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani, akaishona upya kwa mkono, na alikuwa anaimba.

Siku ya harusi nyumba ya bwana harusi ilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi zilikuwa zimejaa watu na mabakuli. Umulisa alipanda ghorofa moja akaketi kwenye ngazi. Wageni walimpita wakipanda na kushuka, wakimsalimu, na kila aliyemuuliza habari alijibiwa kama mtoto aliyelelewa vizuri. Ni mama mmoja wa upande wa pili, mgeni asiyemjua, aliyesimama akamtazama midomo, akaona imegeuka rangi, akaita watu. Usumani aliteremka mbio na kanzu yake mpya. Alimkuta mwanawe ameegemea ukuta, anavuta hewa kwa mabega.

"Umulisa. Mwanangu, una nini?"

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kupata ya kusemea. "Alhamdulillah, Baba."

Usumani alikuwa amelipenda neno lile maisha yake yote. Siku ile, kwenye ngazi za watu, alitamani asingelimfundisha.

Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni, wakampiga picha ya moyo, na kesho yake Daktari Nkusi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, akawakalisha wazazi kando ya kitanda. Aliwaeleza kwamba ugonjwa huu huanzia kooni. Koo likiachwa bila dawa, mwili unapokwenda kupigana na kile kijidudu hukosea ukashambulia na moyo wake wenyewe. Milango miwili ya moyo wa Umulisa haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma, maji yamejaa tumboni na miguuni. Zile si nyama, alisema, akibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, na shimo la kidole likabaki.

Usumani alilitazama shimo lile. Inchi tatu. Alikuwa ameyashukuru maji.

"Koo lilimuuma lini?" daktari aliuliza. "Mnakumbuka?"

Wazazi walitazamana. Mukarugwiza akaanza kusema kwamba hawakumbuki, ndipo Umulisa akasema kutoka kitandani, bila hasira yoyote, kama mtu anayejibu swali la darasani, "Mimi nakumbuka. Ile siku nilisoma kitabu mbele. Nilimwambia Baba, ila tulikuwa tunaanza na shukrani."

Daktari aliinamia faili lake. Aliandika. Kuna watu wangeona nafuu kama angefoka.

Usumani alitoka nje, akasimama karibu na bomba ambako watu walikuwa wanaosha vyombo vya wagonjwa wao. Mukarugwiza akamfuata. Alikuwa hajalia tangu jana na sasa pia hakulia.

"Usumani," alisema, na hakuwa amemwita jina lake kavu hivyo tangu walipooana. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ndiye uliyetufundisha kuficha. Miaka yote hii hujaniuliza hata siku moja kama nimechoka. Nikichoka nakwenda kuchokea jikoni, halafu naja mkekani nakuletea alhamdulillah yako."

"Nilidhani tuna furaha."

"Tulikuwa nayo. Na hii nyingine tulikuwa nayo pia."

Usumani akarudi wodini. Jioni ilipofika hakushukuru. Wala iliyofuata. Kinywa kilikuwa kinafunguka kwa mazoea, kisha anaiona ile nguo ya harusi imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na kinafunga. Dawa zikatoa maji kwa siku tisa. Miguu ya Umulisa ikawa myembamba kuliko ilivyowahi kuwa, kiuno kikasinyaa, na baba mtu akaona kwa macho yake ni kitu gani hasa kilichokuwa kimebaki cha mwanawe chini ya inchi zake tatu.

Wodini kulikuwa na muuguzi, Sista Épiphanie, mama mnene mwenye kandambili za bluu, mwenye tabia moja. Akifika kwa mtoto haanzi na habari wala hujambo. Anavuta kiti, anakaa, anauliza, "Leo wapi panauma?" Kisha hasemi tena. Anasubiri. Mtoto akisema hakuna, anabaki palepale anakunjakunja shuka, na mara nyingi baada ya muda kidogo kinatoka: hapa, Sista, na hapa, na naogopa ile sindano. Usumani alimtazama siku baada ya siku. Alikuwa mtu wa kuhutubia wazazi msikitini, na hapo alikuwa anajifunza kazi kwa kuchungulia, jinsi alivyojifunza cherehani zamani kwa bwana mmoja wa Nyamirambo.

Siku ya kuruhusiwa Daktari Nkusi aliwapa masharti. Vidonge kila siku. Sindano kila baada ya wiki nne, kwa miaka mingi. Operesheni huenda ikaja, huenda isije karibuni; itategemea. "Na koo," alisema, akimtazama Umulisa na si wazazi. "Koo likikuuma, siku ileile useme. Si kesho. Likirudi tena tukalichelewesha, ile milango itaharibika zaidi, na sitakuwa na dawa ya kuirudisha. Umesikia?"

"Ndiyo, Daktari."

"Utasema?"

"Ndiyo," alisema Umulisa, kwa adabu ileile iliyomfikisha pale.

Usumani aliisikia adabu ile na ikamtisha kuliko vidonge vyote. Jioni ya kwanza nyumbani aliketi mkekani mbele ya mwanawe. Wazee wake hawakumfundisha namna mtu mzima anavyomwomba mtoto msamaha, kwa hiyo alifanya kama alivyoweza. "Umulisa, ulinieleza nikakukatiza. Kosa ni langu, si lako. Unisamehe."

Mtoto alitazama sahani. "Si kitu, Baba."

"Ni kitu. Kuanzia leo tunaanza na kinachouma. Shukrani itasubiri, haina miguu ya kukimbia. Haya, leo wapi panauma?"

"Hakuna, Baba. Alhamdulillah."

Ikawa hivyo kila siku. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Usumani alijaribu kusubiri kama Sista Épiphanie, akikunjakunja ncha ya mkeka, na chakula kikapoa. Usiku alikwenda kusimama mlangoni kwa mtoto kusikiliza anavyopumua. Jambo lililomlaza macho ndilo hili: koo linaweza kuuma hata sasa hivi, na mwanawe atatabasamu nalo mpaka moyo ubomoke, kwa kuwa baba yake alimlea vizuri mno.

"Huwezi kumwomba kitu usichomwonyesha," Mukarugwiza alimwambia. "Anza wewe."

Kuanza kukawa kugumu. Mtu aliyeshukuru miaka kumi na miwili hajui kulalamika, ni kama kumpa mkulima sindano ashone. Jioni ile alikohoa, akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya hotuba, "Leo mimi, kwa hakika, kiti cha cherehani kimeniumiza makalio."

Kisha Umulisa akapaliwa na maji. Alicheka mpaka mama yake akampiga mgongoni, na mama mwenyewe akawa anafuta macho. Mukarugwiza akachukua zamu yake papo hapo, akasema yeye mgongo umemchoka tangu mwaka juzi na kuna mtu hapa hajawahi kushika ndoo ya maji. Usumani akasema amesikia. Kesho yake akashika ndoo, akailowesha suruali, na jioni akalilalamikia hilo pia. Kwa siku kadhaa mkeka wao ulikuwa na manung'uniko mengi kuliko baraza la wake wenza, na Umulisa alisikiliza yote kwa makini, huku zamu yake akisema hakuna.

Jioni moja Usumani hakuwa na mzaha uliobaki. Mteja alimuuliza mchana habari ya mtoto, naye akajibu kama ilivyo desturi, na baada ya hapo hakuweza tena kutunga uzi. Alipofika mkekani akasema, "Leo mimi naogopa. Nimeogopa siku nzima. Nikisikia mtu anakohoa barabarani natoka kuangalia kama ni wewe. Sina tena la kusema."

Umulisa alimtazama. Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema hivyo, wala hakujua kwamba watu wakubwa huruhusiwa. "Pole, Baba," akasema. Zamu yake ilipofika, akasema hakuna.

Ikapita wiki moja. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku ya kazi nyingi, na kibanda cha Usumani kilikuwa na kina mama wanne waliokuja kuchukua mishanana, yale mavazi ya kufungia begani, kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, kila mmoja akidai yake imalizwe kwanza. Cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Umulisa, ambaye bado hajarudi shule, akatokea mlangoni peke yake na ndala zake, ameshika fremu ya mlango apumzike kidogo. Kutoka nyumbani hapakuwa mbali, ila kwake palikuwa mbali.

"Yoo, Umulisa," mmoja wa wale mama akasema, "habari yako, mwana wangu? Umepona?"

Wote walimgeukia wakiwa wameshaweka nyuso tayari kwa lile jibu. Ndivyo mtoto wa Biryogo anavyojibu mbele ya watu wazima, hasa huyu, hasa mwana wa Mzee Shukrani. Usumani naye aliinua kichwa, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Umulisa hakumtazama yule mama. Alimtazama baba yake.

"Koo iko inaniuma," alisema. "Tangu nimeamka. Na naogopa."

Cherehani ikasimama. Usumani aliinuka, akaacha sindano imezama kwenye hariri ya mtu, akapita katikati ya kina mama bila kuomba njia. Alipiga goti mbele ya mwanawe, akamshika shingo kwa viganja viwili, akalisikia joto lake. Machozi yalikuwa yanamteremka mbele ya wateja, naye hakuyafuta.

"Alhamdulillah," alisema. "Alhamdulillah, alhamdulillah."

"Usumani," mmoja wao akasema kwa mshangao, "mtoto anasema anaumwa, wewe unashukuru?"

Hakumjibu, kwa kuwa hakuwa na muda. Alimbeba mwanawe mgongoni, kama alivyombeba akiwa na miaka mitatu, akaanza kuteremka naye kuelekea kituo cha afya.

"Lini limeanza hasa?" aliuliza njiani.

"Kabla ya jua kutoka. Upande wa kulia ndiyo zaidi."

"Na nini kingine?"

"Goti. Kidogo tu. Na uji wa leo ulikuwa na chumvi nyingi, Baba, sikutaka kumwambia Mama."

"Sema yote," alisema Usumani, akitembea haraka. "Sema, mwanangu, nakusikia."